Paa za dali za Lubumbashi: utando wa kupakaa unazuia mvua na joto namna gani

Kila mwaka mvua za kwanza zikirudi, mwezi wa kumi na wa kumi na moja, mu maofisi, masomo na magazini ya komini ya Lubumbashi ndoo zinapangwa tena chini ya dali. Mtu wa ofisi anasogeza karatasi zake. Fundi anaitwa, anapanda juu na bidoni ya lami nyeusi, anapakaa pale anapofikiri maji yanapitia, anashuka, analipwa. Mwaka unaofuata ni vile vile.

Iko namna ingine, ile mafundi wanaita kwa Kifaransa etansheite likidi. Hapa tutasema utando wa kupakaa. Ni dawa inayokuja ikiwa maji maji ndani ya ndoo, inapakwa kwa brosi ama rulo juu ya paa lote, kisha inakauka na kuwa ngozi moja isiyo na kiungo, inayonyooka kidogo kama mpira. Ikifanyika vizuri inazuia maji kwa miaka mingi, na ikiwa nyeupe inapunguza joto ndani ya jengo. Ikifanyika vibaya, ni rangi ya bei kali tu.

Mji wa dali

Lubumbashi ilianzishwa mwaka 1910, na mpaka 1966 iliitwa Élisabethville. Mu miaka ya 1950, wakati shaba ilileta feza nyingi, wajenzi wa katikati ya mji walipenda mistari iliyonyooka na paa za zege. Ndio miaka iliyotupatia teatri ya mji, ile leo tunaita Bâtiment du 30 Juin, makao ya bunge la jimbo. Juu ya zege ya majengo mengi ya wakati ule waliweka rufingi, yaani karatasi nzito iliyoloweshwa lami, vipande vikiunganishwa kwa moto. Rufingi ni kitu kizuri, lakini haikutengenezwa kuishi miaka 60. Jua linaikausha, inapasuka, na viungo vinafunguka. Kila anayetengeneza anaongeza kiraka juu ya kiraka, mpaka hakuna tena anayejua ni kipi kilicho cha chini.

Tuhesabu maji yenyewe. Lubumbashi inapata mvua ya milimeta karibu 1.200 kwa mwaka, na karibu yote inashuka kati ya mwezi wa kumi na moja na wa tatu. Juu ya paa la meta mraba 500, hiyo ni lita 600.000. Dali haina mteremko mkubwa kama nyumba ya mabati, kwa hiyo maji hayo yote yanategemea matundu machache ya kutokea. Sashe moja ya plastiki ikifunga tundu, paa linageuka kuwa kisima.

Wenzetu wa pwani walijua shida hii zamani. Nyumba za mawe za Mji Mkongwe wa Zanzibar zilikuwa na paa tambarare za chokaa juu ya boriti za mikoko, na nyingi baadaye zilifunikwa kwa mabati yenye mteremko. Hata hapa mtu anaweza kuchagua kuweka mbao na tole juu ya dali. Hiyo si njia mbaya. Lakini inaomba mbao nzuri, inaongeza uzito, na sura ya jengo inabadilika. Pia tole tupu, bila kitu cha kuzuia joto chini yake, inafanya jengo kuwa tanuru.

Joto linatoka wapi

Mwezi wa kumi ndio mwezi mgumu. Jua kali, mvua haijakuja vizuri, na mito inayozungusha mashini za umeme iko chini baada ya miezi mitano ya kiangazi. Katanga inaishi kwa maji ya mito yake, kama Lufira inayozungusha Mwadingusha tangu 1930, na kwa ule mstari mrefu wa Inga uliofika Kolwezi mwaka 1982. Wakati ule ule kila ofisi inawasha klimatizeri. Umeme ukikatwa, grupu inanguruma, na mafuta ya grupu ni bei.

Paa jeusi mu jua linaweza kupita digrii 65. Zege chini yake inanyonya joto lile mchana mzima na kulirudisha ndani hata saa mbili za usiku, wakati nje upepo umeshapoa. Utando mweupe ukiwa mpya unarudisha juu karibu asilimia 80 ya nguvu za jua, na uso wa paa unaweza kubaki chini kwa digrii karibu 30 kuliko ule mweusi. New York ilianza mpango wa kupaka paa zake nyeupe mwaka 2009. Ahmedabad, mji wa India unaojua joto kuliko sisi, ilianza wa kwake mwaka 2017, na huko walipakaa hasa nyumba za watu maskini.

Lakini tusidanganyane. Faida hii inapata ghorofa ya juu tu. Mu jengo la ghorofa nne, watu wa chini hawatasikia kitu. Jengo refu la chini, kama darasa, soko ama depo, ndilo linalofaidika zaidi. Tena, vumbi letu jekundu la kiangazi linakalia paa jeupe, na weupe unashuka mpaka mvua iuoshe ama mtu apande na ufagio na maji. Mwisho wa mwezi wa tisa ni wakati mzuri wa kuosha, maana mwezi wa kumi unakuja nyuma.

Mwenye jengo anayetaka kupunguza umeme kweli, asisimame kwa rangi nyeupe. Aweke kwanza vibao vya povu la poliuretani juu ya dali, kisha utando juu yao. Sentimeta 5 za povu hilo zinazuia joto zaidi ya mara 20 kuliko zege ya sentimeta 15. Ndiyo sehemu inayokula feza nyingi, na ndiyo inayokatwa ya kwanza bajeti ikiwa ndogo. Kama paa linafunguliwa mara moja tu kwa miaka 20, kuikata ni hesabu mbaya.

Ndoo si zote moja

Kwenye magazini ya vifaa vya ujenzi utaonyeshwa ndoo zinazofanana. Uliza ndani kuna nini. Emulsio ya lami ni nyeusi na ya bei ya chini. Inafaa ndani ya kuta za msingi ama chini ya sakafu, lakini ikiachwa wazi juu ya paa jua linaipasua. Akriliki inachanganywa na maji, ni nyeupe, rahisi kupakaa, haina harufu kali. Udhaifu wake ni maji yanayosimama: inalainika na kubanduka. Poliuretani ni ngumu zaidi na inavumilia kutembewa, lakini ikipakwa juu ya zege yenye unyevu inafanya mapovu, na aina nyingi zinaomba koti lingine juu ya kuzikinga na jua. Silikoni ndiyo inavumilia maji yanayosimama kuliko zote. Ila inashika vumbi, na ukishaipaka, hakuna kitu kingine kitakachoshika juu yake isipokuwa silikoni ingine. Umechagua kwa maisha.

Rangi nyeupe ya ukuta haimo mu orodha hii. Chokaa pia hapana. Chokaa juu ya tole ya darasa inapoza kweli, na ni bei ndogo, lakini mvua chache tu zinaiosha, na haizuii tone moja la maji.

Hesabu ya ndoo

Hapa ndipo feza ya watu inapotelea, hasa mu kazi za Leta na za masomo, ambako anayelipa hapandi juu. Utando unafanya kazi kwa unene wake. Lita moja juu ya meta mraba moja inatoa milimeta moja ya unene, ikiwa bado mbichi. Ikikauka inabaki ile sehemu iliyo kavu, ambayo imeandikwa kwenye karatasi ya bidhaa kwa asilimia.

Tuseme karatasi inasema asilimia 60, na kazi inaomba milimeta moja na nusu ikiwa kavu. Basi kila meta mraba inaomba lita 2,5. Paa la meta mraba 500 linaomba lita 1.250, yaani ndoo 63 za lita 20. Kama fundi ameleta ndoo 20, paa litaonekana jeupe na zuri siku ya kulipokea, lakini utando una nusu milimeta tu. Utapasuka kabla ya miaka mingi. Kwa hiyo hesabu ndoo zikiwa zimefungwa, siku zinapofika, na uzihesabu tena zikiwa tupu. Mzazi wa kamati ya masomo anaweza kufanya hesabu hii bila kuwa enjinia.

Zile lita zisipakwe mara moja. Ni makoti mawili ama matatu, kila moja likauke. Kwenye kona, nyufa, na pale tiyo inapotoka mu paa, kitambaa cha nyuzi kinazamishwa kati ya makoti. Paa linavuja kwenye hizo sehemu kuliko katikati.

Kabla ya kufungua ndoo ya kwanza

Dali lazima iwe kavu ndani, si juu tu. Kuna jaribio lisilo na bei: bandika kipande cha plastiki juu ya zege, funga kingo zote kwa skochi, acha mpaka kesho. Ukikuta matone chini ya plastiki, zege bado ina maji. Ukipakaa, jua litayageuza mvuke na utando utainuka kama chapati. Rufingi ya zamani inayocheza chini ya mguu itolewe. Matundu ya maji yafunguliwe. Pale maji yanabaki zaidi ya siku mbili baada ya mvua, mteremko urudishwe kwa chokaa ya simenti kwanza. Hakuna dawa ya ndoo inayoinua zege iliyobonyea.

Kwetu Lubumbashi miezi ya kazi ni toka wa tano mpaka wa tisa. Asubuhi za mwezi wa sita na wa saba kuna baridi na umande, basi anza umande ukikauka. Wasikilizaji wa Bukavu wana kiangazi kifupi, wa sita mpaka wa nane, na kwao, kwa vile mji uko juu na hewa ni ya baridi, utando ni wa kuzuia maji kuliko joto. Kalemie na Kindu hesabu ya joto inarudi. Goma wana jambo lingine: moshi wa volkano unafanya mvua iwe na asidi na kula mabati. Kutu ikwanguliwe mpaka chuma kionekane, dawa ya kutu ipakwe, ndipo utando.

Na onyo moja. Paa za zamani za kijivu zenye mawimbi, zile tunaita eternit, mara nyingi zina amianti, na vumbi lake linaleta kansa ya mapafu miaka mingi baadaye. Usikwangue, usitoboe, usisugue kwa brosi ya chuma. Usikanyage pia, maana zinavunjika bila kuonya na mtu anaanguka chini.

Kazi ikiisha mwezi wa nane, paa bado halijajaribiwa. Kabla ya kulipa yote, funga matundu kwa matambara, mwaga maji ya sentimeta chache juu ya dali, kama enjinia amesema inaweza kubeba uzito huo, na ungoje siku moja huku mtu akiangalia chini. Kama maji ya bomba hayatoshi, andika mu mkataba kwamba sehemu ya mwisho ya feza italipwa mwezi wa kumi na mbili.