Sauti Kando ya Skrini: Sinema ya Mashinani kutoka Kitale hadi Kachibora

Sinema ilifika katika masoko ya Trans-Nzoia kwa gari. Kachibora, mji wa soko ulio mashariki ya Kitale, chini ya milima ya Cherang'ani, hauko kwenye njia ya reli, na umeme ulichelewa kuenea katika vijiji vinavyouzunguka. Mahali pa namna hiyo, ukumbi wa sinema ulikuwa uwanja wa shule au kiwanja cha soko. Watu waliketi kwenye nyasi, skrini ikawa kitambaa cheupe kilichotandazwa ubavuni mwa gari au kati ya nguzo mbili, na hakuna aliyekatiwa tiketi. Onyesho likiisha, vyote vilikunjwa na kupakiwa, na kulipopambazuka uwanja ulikuwa uwanja tu. Ndiyo maana historia ya sinema nchini Kenya, ambayo mara nyingi huandikwa kwa kuhesabu majumba, imewaacha nje watazamaji wengi wa mashambani.

Majumba yenyewe yalifuata vitu vitatu: reli, umeme na mtaji wa wafanyabiashara wenye asili ya Bara Hindi. Nairobi ilipata Theatre Royal mwaka 1912, jumba ambalo baadaye lilijulikana kwa jina la Cameo. Zanzibar ilipata jumba la Royal mwaka 1921, lilipofunguliwa na Hassanali Adamji Jariwalla. Reli ilihitajika kwa sababu filamu ilikuwa mzigo hasa. Filamu ndefu ya milimita 35 iligawanywa katika mizingo mitano, sita au zaidi ya mkanda, kila mmoja ukiwa na dakika ishirini hivi za picha, nayo ilisafirishwa ndani ya makopo ya bati kutoka mji hadi mji. Jumba lililotaka kuonyesha filamu bila kukatiza lilihitaji mashini mbili, moja ikichukua zamu pale nyingine inapomaliza mzingo wake, na fundi aliyejua kuiwahi sekunde ya kubadilisha.

Kitale ulianza mwaka 1908 kama mji wa walowezi wa Kizungu, na tawi la reli likaufikia mwaka 1926. Kutoka hapo mizigo ya mashambani ilibebwa kwa mikokoteni na malori. Trans-Nzoia yote ilihesabiwa kuwa sehemu ya nyanda za Wazungu, na Waafrika wengi walioishi humo walikuwa vibarua na maskwota kwenye mashamba ya wenye hatimiliki. Burudani nayo ilifuata mipaka hiyo. Kamati za ukaguzi za enzi ya ukoloni zilikuwa na mamlaka ya kuamua filamu gani isionyeshwe kwa Waafrika, hata kama Wazungu na Wahindi wa mji uleule waliruhusiwa kuiona. Hofu yao ilikuwa bayana: Mzungu akionekana kwenye skrini akiiba, akilewa au akipigwa ngumi, heshima ya utawala ingeporomoka.

Serikali na wamisheni hawakutaka Mwafrika akose filamu kabisa. Walitaka aone zile walizomchagulia. Mwaka 1935 ulianzishwa mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment, kwa fedha za shirika la Carnegie la Marekani na chini ya Baraza la Kimataifa la Wamisheni. Makao yake yalikuwa Vugiri, katika milima ya Usambara, Tanganyika. Aliyeongoza kazi ya kupiga picha alikuwa Leslie Notcutt, aliyewahi kusimamia shamba la mkonge na kuona jinsi wafanyakazi walivyovutiwa na filamu. Hadi mradi ulipofungwa mwaka 1937, filamu 35 hivi zilikuwa zimetengenezwa, kuhusu minyoo ya safura, uuzaji wa kahawa, kodi na akiba ya posta, nazo zilizungushwa kwa lori Tanganyika, Kenya, Uganda na nchi za kusini yake. Picha zilikuwa za milimita 16, nyepesi kubebeka. Sauti haikuwa kwenye mkanda wenyewe bali kwenye santuri iliyochezwa sambamba na picha, na faida yake ilikuwa hii: filamu moja ingeweza kupewa maneno ya lugha tofauti kwa kubadilisha santuri tu.

Hapo ndipo jambo kubwa kuliko yote katika historia ya sinema ya mashinani linapojitokeza. Picha ilitoka mbali, lakini maneno yalilazimika kutoka karibu. Santuri ilikwaruzika, ilipitwa na picha, na haikuweza kujibu swali la mtazamaji. Basi kando ya skrini alisimama mtu mwenye maikrofoni, akieleza kinachoonekana kwa lugha ya waliokuja. Katika taarifa za serikali aliitwa mfasiri. Kwa watu waliokaa kwenye nyasi, yeye ndiye aliyekuwa filamu.

Vita vya Pili vya Dunia viliikuza kazi hiyo. Mwaka 1939 Uingereza iliunda Colonial Film Unit, ikiongozwa na William Sellers, aliyekuwa ameonyesha filamu za afya Nigeria. Katika Afrika Mashariki jeshi lilikuwa na kikosi cha propaganda kilichosafiri kwa malori chini ya Alec Dickson, na askari Waafrika waliocheza gwaride, kuonyesha silaha na kuzungumza na wanakijiji kabla ya filamu kuanza. Askari wa King's African Rifles nao waliona sinema kambini, Ethiopia na Burma, wakarudi nyumbani wakiwa watazamaji wazoefu.

Sellers aliamini kwamba Mwafrika anahitaji filamu ya polepole, yenye wazo moja na isiyorukaruka kutoka picha hadi picha. Kisa kilichorudiwa sana katika duru zake ni cha wanakijiji walioonyeshwa mbu aliyekuzwa akajaza skrini nzima. Wakasema kwao hakuna taabu ya malaria, kwa maana mbu wa ukubwa ule hawajawahi kumwona. Kisa hiki kimetumiwa miaka mingi kuthibitisha ujinga wa mtazamaji, na ni haki kukisoma upya. Mtu anayeishi na mbu kila usiku, akiletewa na mgeni picha ya mnyama mkubwa kama ng'ombe, ana kila sababu ya kusema huyo si wa kwao. Huenda alikuwa akitania, na mwenye mashini akaandika utani kama ushahidi. Ni mfasiri aliyesimama kando ya skrini ambaye angejua tofauti, lakini yeye hakuandika ripoti.

Baada ya uhuru, mwaka 1963, wakazi wa Trans-Nzoia walibadilika haraka. Mashamba ya walowezi yalinunuliwa na vyama vya ushirika, kampuni za wanunuzi wa ardhi na skimu za makazi, mengine yakabaki mikononi mwa ADC, shirika la serikali la maendeleo ya kilimo. Wabukusu, Wasabaot, Wanandi, Wakikuyu, Waturkana na Wacherang'any wenyewe walijikuta majirani sokoni. Katika uwanja wa namna hiyo Kiswahili ndicho kilichowafaa wote, na mwenye maikrofoni aliyeweza kutupia neno la Kibukusu hapa na la Kikalenjin pale ndiye aliyechekesha uwanja mzima. Magari ya Wizara ya Habari yaliendelea na kazi iliyoanzishwa na wakoloni, sasa yakileta hotuba za Rais, sherehe za kitaifa, elimu ya afya na kilimo.

Kisha yakaja magari ya matangazo ya biashara, na hayo ndiyo yanayokumbukwa kwa furaha zaidi na waliokuwa watoto miaka ya 1970 na 1980. Mchana gari lilipita barabarani likitangaza kwa kipaza sauti kwamba jioni kuna sinema ya bure. Watoto walilikimbilia katikati ya vumbi. Giza lilipoingia, jenereta iliwashwa mbali kidogo ili kelele zake zisifunike maneno, wadudu wakajaa kwenye mwale wa taa, na watoto waliochelewa wakakaa nyuma ya kitambaa na kuitazama picha kinyume. Kati ya filamu na filamu yalikuja matangazo ya sabuni, dawa ya meno na vinywaji. Mwisho zilitupwa zawadi ndogo, na watu wakarudi makwao gizani kwa makundi. Makanisa nayo yalitumia njia hiyohiyo. Filamu ya maisha ya Yesu iliyotengenezwa mwaka 1979 ilitafsiriwa kwa Kiswahili na lugha nyingine nyingi, ikaonyeshwa katika viwanja visivyohesabika.

Miaka hiyohiyo ndiyo iliyokuwa neema ya majumba ya mijini. Kabla ya filamu wimbo wa taifa ulipigwa na watu wote wakasimama. Viti vya mbele, karibu na skrini, vilikuwa vya bei nafuu, na ndivyo vilivyojaa vijana. Filamu za Kihindi kama Sholay ya mwaka 1975, filamu za ngumi za Hong Kong na zile za kauboi zilizaa neno ambalo bado linatumika: stelingi, yaani shujaa wa filamu, ambaye kila mtoto alijua kwamba hafi. Mwaka 1981 ilitoka filamu ya Sharad Patel kuhusu kuinuka na kuanguka kwa Idi Amin, na Mkenya Joseph Olita ndiye aliyecheza nafasi ya Amin. Kwa watu wa magharibi ya Kenya, walioishi jirani na mpaka wa Uganda na kuwapokea wakimbizi wake, hayo hayakuwa mambo ya mbali.

Kilichoyaua majumba kilikuwa kidogo kiasi cha kubebwa kwapani. Kaseti ya VHS iliingia sokoni nchini Japani mwaka 1976, na kufikia mwisho wa miaka ya 1980 deki ya video na televisheni vilitosha kumfungulia mtu biashara. Kibanda cha video hakikuhitaji mengi: kuta za mabati au udongo, madirisha yaliyozibwa kwa gunia, mabenchi ya mbao zilizopigiliwa juu ya vigogo, na ubao nje ulioandikwa kwa chaki filamu za siku. Pasipokuwa na umeme palikuwa na jenereta. Kiingilio kilikuwa shilingi chache, na mwenye kibanda alijua kwa majina nusu ya wateja wake. Wazazi na walimu walikichukia, mara nyingi kwa haki, kwa sababu watoto walikimbilia humo saa za masomo na kuona yasiyowafaa. Hata hivyo, kibanda ndicho kilichokuwa jumba la kwanza la kudumu la sinema kwa masoko mengi ya Kenya, na historia isiyokitaja ina pengo.

Ndani ya kibanda, mtu wa kando ya skrini alirudi. Uganda walitokea ma-VJ waliotafsiri filamu kwa Kiganda huku zikiendelea. Dar es Salaam, Derek Mukandala, aliyefahamika kwa jina la Lufufu, alizisimulia filamu kwa Kiswahili, akiwapa wahusika majina na tabia za mtaani. Kenya ilimpata DJ Afro, ambaye sauti yake ya Kiswahili kilichochanganywa na Sheng' ilienea nchini kote kwenye kanda na baadaye kwenye diski. Wengi huwaona hawa kama kitu kipya kilichozaliwa na video. Kazi yao ina ukoo wa zamani zaidi. Mfasiri wa lori la 1935 alitakiwa afuate maandishi aliyopewa, naye DJ Afro hakupewa maandishi na mtu. Tofauti hiyo ni kubwa, lakini wote wawili walisimama palepale, kati ya picha ya mgeni na sikio la jirani.

Majumba makubwa yalipungukiwa na wateja katika miaka ya 1990, huku runinga nazo zikiongezeka baada ya kituo cha televisheni cha KTN kuanza mwaka 1990. Mengi yaligeuzwa makanisa, maduka na maghala. Shan ya Ngara, Nairobi, ilibahatika kuwa kituo cha sanaa cha Sarakasi. Vibanda navyo vilibadilika: vikageukia mpira wa Ligi Kuu ya Uingereza, kisha simu ya mkononi ikawafikishia vijana filamu mfukoni.

Anayetaka kuandika historia hii ana ushahidi wa aina mbili. Upande wa majumba kuna karatasi: leseni zilizotolewa kwa mujibu wa sheria ya filamu na michezo ya jukwaani, Sura ya 222, matangazo ya Gazeti Rasmi la Kenya, na kurasa za magazeti ya zamani. Nyaraka za Kitaifa jijini Nairobi ndipo pa kuanzia. Kitale pana makumbusho yaliyotokana na mkusanyiko wa Hugh Stoneham, yaliyofunguliwa kwa umma mwaka 1974, na projekta ya zamani au kopo la mkanda lingepata nafasi inayolifaa humo. Mikanda yenyewe haidumu bila uangalizi. Ile ya asetati huanza kunuka siki inapooza, na kaseti huota ukungu.

Upande wa viwanja na vibanda, karatasi ni haba. Kanda zilizosimuliwa zilinakiliwa bila idhini ya wenye filamu, kwa hiyo maktaba hazikuzipokea, na kazi ya msimuliaji ikapotea pamoja na nakala haramu iliyoibeba. Mwanahistoria Laura Fair, katika kitabu chake Reel Pleasures cha mwaka 2018 kuhusu majumba ya Tanzania, alionyesha ni kiasi gani kinaweza kupatikana kwa kuwauliza watazamaji wenyewe. Katika masoko ya Cherang'ani maswali yangekuwa mengine kidogo: gari liliegeshwa wapi, kitambaa kilielekezwa upande gani, ni nani aliyeshika maikrofoni, na alizungumza lugha gani watu walipocheka. Aliyekuwa na umri wa miaka 10 gari lilipokuja mwaka 1965 sasa ana miaka 70 au zaidi, na ndiye anayeweza kuonyesha kwa kidole mahali nguzo zilipochimbiwa.