Harambee: Kazi ya Hiari Iliyoijenga Kenya

Sehemu kubwa ya shule, zahanati na majosho ya ng'ombe vilivyosimama vijijini Kenya katika miongo ya kwanza ya uhuru ilijengwa kwa harambee, yaani kwa jasho, vifaa na fedha walizochanga wananchi wenyewe. Nguvu ya utaratibu huo ilikuwa hiari ya mchangaji. Kila ilipoheshimiwa, kazi ilisonga mbele. Kila ilipogeuzwa kuwa amri, watu walirudi nyuma.

Mizizi yake ni ya kale kuliko serikali yoyote ya Kenya. Wakikuyu walikuwa na ngwatio, Wakamba mwethya, na Waluo saga. Mwenye shamba aliwaita majirani, wakalima au kuvuna pamoja, naye akawapa chakula na kinywaji. Kesho yake au msimu uliofuata ilikuwa zamu ya mwingine. Aliyezoea kukwepa zamu za wenzake alijua fika kwamba siku yake ikifika atabaki na jembe lake peke yake.

Utawala wa Waingereza ulileta kazi ya namna nyingine. Machifu walipewa mamlaka ya kuwatoa watu majumbani kwenda kulima barabara na, hasa miaka ya 1940, kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko wa udongo. Mzigo wa matuta uliwaangukia zaidi wanawake, na mwaka 1948 wanawake wa Murang'a waliandamana kuyapinga. Haukuwa uvivu. Jamii hiyohiyo ya Wakikuyu, tangu miaka ya 1930, ilikuwa ikichanga fedha na kujenga shule huru zisizokuwa chini ya wamisheni, na mwaka 1939 kilifunguliwa chuo cha walimu cha Githunguri. Hali ya hatari ilipotangazwa mwaka 1952, shule hizo zilifungwa, lakini ujuzi wa kuchanga na kujenga haukupotea.

Tarehe 1 Juni 1963, Kenya ilipopata madaraka, Jomo Kenyatta aliufanya wito wa harambee kuwa wa taifa zima. Wito wenyewe ulikuwa wa wafanyakazi wa pwani, waliouitikia kwa pamoja wakati wa kuvuta au kuinua mzigo mzito. Neno hilo liliandikwa pia kwenye nembo ya taifa.

Kazi ilikuwa na mpango wake. Wanakijiji walichagua kamati, kamati ikatafuta kiwanja. Wenye nguvu walisomba mchanga, mawe na maji. Wenye fedha walinunua saruji na mabati. Kisha ikapangwa siku ya mchango, akaalikwa mgeni wa heshima. Majina na kiasi alichotoa kila mtu vilisomwa mbele ya umati. Asiye na fedha alileta alichokuwa nacho, kuku au mkungu wa ndizi, kikapigwa mnada papo hapo, na mara nyingi kikanunuliwa kwa bei iliyozidi sana ile ya sokoni. Hivyo hata maskini alikuwa na fungu lake katika ukuta wa darasa.

Katika Mkoa wa Kati, vikundi vya akina mama vilichanga fedha kidogo kidogo na kumwezekea kila mwanachama nyumba kwa zamu, hata vikaitwa vikundi vya mabati. Nyasi zilitoka, na maji ya mvua yakaanza kukingwa kutoka paani. Kufikia mwisho wa miaka ya 1960, shule za sekondari zisizopata msaada wa serikali, nyingi zikiwa za harambee, zilikuwa zimezipita kwa idadi zile za serikali. Nyingi kati ya hizo zilikosa walimu waliosomea kazi hiyo na vifaa vya maabara, lakini ziliwapa nafasi watoto ambao wasingepata shule kabisa.

Hiari ilianza kuliwa pande mbili. Upande mmoja, baadhi ya machifu walipanga viwango vya lazima, na aliyeshindwa kulipa alinyang'anywa kuku au mbuzi. Mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, wazazi walidaiwa michango ya kujenga karakana. Upande wa pili, wanasiasa walifanya mchango kuwa kampeni, na mgeni wa heshima akapimwa kwa unono wa bahasha yake bila kuulizwa fedha imetoka wapi.

Sheria ya maadili ya watumishi wa umma ya mwaka 2003 iliwazuia watumishi hao kutumia vyeo vyao kukusanya michango. Mwezi Julai 2024, baada ya maandamano ya vijana, Rais William Ruto alitangaza kuwapiga marufuku maofisa wa serikali kushiriki harambee. Miongoni mwa raia wa kawaida desturi inaendelea: kamati huundwa kwa ajili ya gharama za hospitali, karo, harusi na mazishi, na kila mmoja hutoa kadiri ya uwezo wake.