Namna ya kufuatilia kesi za ICJ moja kwa moja mtandaoni

MASHAURI yanayosikilizwa hadharani na Mahakama ya Kimataifa ya Haki (ICJ), mjini The Hague, Uholanzi, hurushwa moja kwa moja kupitia intaneti kwa Kiingereza na Kifaransa, na mtazamaji hatozwi malipo yoyote.

Huduma hiyo ina umuhimu wa pekee kwa wakazi wa Afrika Mashariki na Kati. Oktoba 12, 2021, mahakama hiyo ilisoma hukumu ya mpaka wa bahari kati ya Somalia na Kenya. Februari 9, 2022, iliiamuru Uganda kuilipa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo dola milioni 325 za Marekani, kwa madhara ya vita yaliyowapata wananchi wa Ituri, Kisangani na kwingineko. Mwenye intaneti aliweza kuyasikia maamuzi hayo wakati uleule yalipotolewa, bila kusubiri tafsiri ya mwanasiasa.

Matangazo hupatikana katika tovuti ya mahakama, www.icj-cij.org, na katika televisheni ya mtandaoni ya Umoja wa Mataifa, webtv.un.org. Mtazamaji hahitaji kujisajili. Anayetakiwa kulipa au kutoa namba ya kadi ya benki atambue kwamba yuko mahali pasipo sahihi.

Hatua ya kwanza ni kutazama ratiba katika tovuti ya mahakama. Saa zinazoandikwa humo ni za The Hague, ambazo ziko nyuma ya saa za Afrika Mashariki kwa saa mbili majira ya baridi, na saa moja majira ya kiangazi. Kikao cha saa 4:00 asubuhi huko huanza saa 6:00 mchana Nairobi na Dar es Salaam mwezi Januari, lakini saa 5:00 asubuhi mwezi Julai.

Hatua ya pili ni kuchagua lugha. Mawakili huzungumza Kiingereza au Kifaransa, na wakalimani hutafsiri papo hapo. Hakuna ukalimani wa Kiswahili. Anayechagua sauti ya ukumbini humsikia msemaji mwenyewe, hata akibadili lugha katikati ya hoja.

Siku ya hukumu, Rais wa mahakama husoma muhtasari, ambao huweza kuchukua zaidi ya saa moja. Sehemu ya kusikilizwa kwa makini ni ya mwisho, yenye amri zenyewe na idadi ya majaji waliounga mkono au kupinga kila moja. Kwa desturi, Msajili huisoma sehemu hiyo kwa lugha ya pili.

Yanayosemwa na mawakili ni madai ya upande mmoja, wala si uamuzi. Hukumu ya mahakama hiyo ni ya mwisho na haina rufaa. Maandishi yake hutolewa kwa lugha zote mbili, na hueleza ni yapi yenye nguvu iwapo yatatofautiana.

ICJ isichanganywe na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai (ICC), iliyo katika mji huohuo. ICC hushitaki watu binafsi. ICJ huamua migogoro baina ya nchi.

Aliyekosa matangazo anaweza kutazama kumbukumbu ya video na kusoma maandishi ya kila kikao katika tovuti ya mahakama, pia bila malipo.