Filamu Mbovu Zisizochujuka: Kutoka Stanleyville hadi Wakaliga

Mwaka 1951 mwongozaji John Huston aliwaleta Humphrey Bogart na Katharine Hepburn hadi Stanleyville, Kisangani ya leo, kisha akaenda nao mto Ruiki, karibu na Ubundu, kupiga The African Queen. Fedha zilikuwepo, mafundi walikuwepo, na Bogart akapata tuzo ya Oscar. Lakini muulize mtu mzima wa Kisangani filamu zilizomlea. Atakutajia karate, macowboy na michezo ya Kanumba wa Tanzania kabla hajaikumbuka hiyo iliyopigwa jirani kwake.

Chanzo cha hali hiyo ni cha zamani. Kwa sheria ya ukoloni ya mwaka 1945, Mkongo aliruhusiwa kutazama filamu zile tu zilizopitishwa na kamati ya serikali. Wabelgiji waliamini kwamba Mwafrika hawezi kufuata hadithi yenye kasi, kwa hiyo walimtengenezea filamu za polepole, zenye mafunzo ya usafi na adabu. Ni dharau iliyoje! Huko Kasai, Padri Albert Van Haelst alitoa vichekesho vya Matamata na Pilipili. Watazamaji walicheka kwa moyo, mafunzo wakayaacha palepale. Miaka hiyohiyo ya 1950, vijana wa Léopoldville walizichukua filamu za Buffalo Bill, wakajiita Bill na kuvaa kama wachunga ng'ombe wa Marekani. Tangu mwanzo, basi, mtazamaji wa Kongo alizoea kuchukua filamu aliyopewa na kuifanya yake.

Video ilipoingia, mlango ulifunguka zaidi. Living in Bondage ya Nigeria ilitoka mwaka 1992, ikauzwa kwa kanda, na Afrika nzima ikaona kwamba sinema haihitaji studio kubwa. Dar es Salaam, Lufufu alitafsiri filamu za kigeni kwa Kiswahili na kuzitia maneno yake mwenyewe. Baadaye Bongo Movie, yaani filamu za Tanzania, zikavuka ziwa Tanganyika: sauti inakatika upepo ukivuma, muziki unafunika mazungumzo, na bado familia nzima haibanduki mbele ya televisheni. Nyota wao Steven Kanumba alipofariki Aprili 2012, maelfu walifurika Leaders Club kumuaga, na hata huku Kongo watu walimlilia.

Mfano uliokamilika kuliko yote, kwangu, uko Wakaliga, mtaa wa kimaskini wa Kampala. Isaac Nabwana, aliyewahi kufyatua matofali, alitoa Who Killed Captain Alex? mwaka 2010, kwa bajeti iliyotajwa kuwa dola 200 hivi. Bunduki ni mbao na vyuma chakavu. Kompyuta aliziunganisha mwenyewe kwa vipuri vilivyotumika. Helikopta ya kompyuta inaushambulia mji wa Kampala, majengo yanalipuka kwa moto ambao mtoto atajua si moto, na juu ya yote sauti ya VJ Emmie, msimulizi wa filamu, inapiga kelele, inasifu, inatania na kumhimiza mtazamaji asiondoke. Swali la kwenye jina halijibiwi hata filamu inapoisha. Alan Hofmanis wa New York alipoona kionjo chake alifunga safari hadi Wakaliga, akahamia huko. Filamu ilipowekwa YouTube mwaka 2015, mamilioni waliitazama.

Marekani nako wana filamu mbovu za kwao. Plan 9 from Outer Space ya Ed Wood ilitangazwa mwaka 1980 kuwa mbovu kuliko zote duniani, na tangazo hilo ndilo lililoipa umaarufu. Wengi huko huenda kumcheka mtengenezaji. Watu wa Wakaliga hucheka pamoja naye, maana waigizaji ni majirani zao, na VJ ameacha nafasi ya kila mtu kuchangia. Filamu iliyokamilika haikuhitaji. Hii ya Wakaliga inakuhitaji, ndiyo maana unairudia.

Hatari ya filamu za aina hii ni moja: kufutwa. Nabwana mwenyewe aliifuta Captain Alex ya awali, isiyo na sauti ya VJ, kwenye kompyuta ili apate nafasi ya kazi inayofuata, na sasa haipo tena. Wewe wa Kisangani, uliye Makiso, Tshopo au Lubunga, kama una kanda au diski ya mchezo uliopigwa na vijana wa mtaani kwenu, usiitupe kwa sababu picha ni mbaya. Itolee nakala leo, na nyingine umpe mtu aitunze.