Mikutano ya wanaoacha pombe: namna ya kuipata na yanayofanyika ndani

Katika makanisa yetu, ndugu anayekunywa kupita kiasi hupewa upesi mambo mawili: maombi na nidhamu ya kanisa. Jambo la tatu, yaani kuketi pamoja na watu waliopita njia hiyo hiyo, wengi wetu hatulijui. Tunalieleza hapa kwa ajili yake mwenyewe, kwa jamaa yake, na kwa mchungaji anayebishiwa hodi usiku.

Kwa Waprotestanti si jambo geni. Mwaka 1877, mjini Geneva, mchungaji Louis-Lucien Rochat alianzisha Croix-Bleue, ambamo watu walitia sahihi ahadi ya kutokunywa. Alcooliques Anonymes, au AA, walianza mwaka 1935 mjini Akron, Marekani. Mfanyabiashara aitwaye Bill, aliyekuwa ameacha pombe kwa miezi michache tu, alijikuta hotelini ugenini, biashara imevunjika, na baa iko karibu. Akapiga simu kwa mchungaji mmoja wa mji ule, akiomba aonyeshwe mlevi mwingine wa kuongea naye. Njia ile ikamfikisha kwa daktari aitwaye Bob. Angalieni: hakutafuta mtu wa kumhubiria. Alikuwa amekwisha kuona kwamba kumsaidia mwenye shida ileile kulimlinda yeye mwenyewe.

Mkutano wenyewe ni wa kawaida sana. Viti, pengine chai, muda wa saa moja au moja na nusu. Mtu anaongea kwa zamu: alivyokunywa, kilichomfanya aache, anavyoishi leo. Wengine hawamkatizi wala hawampi mashauri. Jina la kwanza linatosha. Hakuna ada, kikapu kinapita kwa ajili ya gharama za chumba, na mgeni halazimishwi kutoa. Sharti ni moja, nia ya kuacha kunywa. Asiyetaka kuongea aseme tu kwamba leo anasikiliza. Iko mikutano ya wazi, ambayo jamaa na wachungaji wanaweza kuhudhuria, na iko iliyofungwa, ya wenye tatizo peke yao. Basi uliza kabla ya kwenda. Baadaye mgeni huchagua mtu aliyemtangulia, kwa kawaida mwanaume kwa mwanaume na mwanamke kwa mwanamke, wa kumpigia simu hamu inapopanda. Kwa Kifaransa huyo ni parrain. Sisi tungesema mlezi.

Wachungaji fulani husumbuliwa kwamba AA husema juu ya Mungu kama kila mtu anavyomwelewa, bila kumtaja Kristo. Tunawaelewa. Lakini zile hatua 12, zilizochapishwa mwaka 1939, zina kukiri makosa mbele ya mtu mwingine na kwenda kutengeneza na wale tuliowaumiza, na waanzilishi walijifunza mengi ya hayo katika kikundi cha Kikristo kilichoitwa Oxford Group. Hatuoni Mkristo angepoteza nini mle.

Huku kwetu, usingoje kuona bango barabarani. Anza kwenye vituo vya afya ya akili vya Mabruda wa Upendo, Frères de la Charité: SOSAME kule Bukavu, Tulizo Letu kule Goma, kituo cha Dr Joseph Guislain kule Lubumbashi. Uliza kama wanajua kikundi cha walioacha pombe. Kama hakuna, uliza kama yuko mtu aliyetibiwa pale anayekubali kuongea nawe. Mwenye simu na mega za kutosha anaweza kuingia mikutano ya AA ya Kifaransa kwenye intaneti, kamera ikiwa imezimwa. Hilo linamfaa hasa mtu wa mji mdogo.

Jambo moja lisipuuzwe. Anayekunywa sana kila siku, kanyanga au lutuku, na kutetemeka asubuhi kabla hajaonja, asiache ghafla peke yake nyumbani. Katika siku mbili tatu za kwanza anaweza kupatwa na degedege, kuchanganyikiwa, kuona vitu visivyokuwepo, hata kufa. Jamaa wengi hudhani ni mapepo, wanamfungia katika chumba cha maombi. Apelekwe hospitali, na maombi yaende pamoja naye.

Pasipo mkutano, watu wawili wanatosha kuuanzisha. Kanisa litoe chumba siku isiyo ya ibada, na ufunguo. Zaidi ya hapo, tunaomba mchungaji akae kando. Aliyoyasikia asiyatumie katika mahubiri, hata bila jina, maana kartie nzima itamtambua mwenyewe. Wala asimsukume mtu wa wiki tatu kusimama mbele ya kanisa na kushuhudia.

Mke au mzazi naye ana mahali pake: Al-Anon, iliyoanza mwaka 1951, ni mikutano ya jamaa, na wanaihudhuria hata kama mnywaji mwenyewe bado anakataa.

Akianguka tena, tuseme kwenye matanga au sherehe ya mahari ambako kasiksi inapita mkono kwa mkono, anarudi mkutano unaofuata na kuketi kama kawaida. Hafukuzwi. Mlezi wake atamuuliza matanga mengine ni lini, na nani atamsindikiza.