Tatu Kutoa Tano

Basi bwana, hesabu zilinishinda. Nilimaliza kidato cha nne Tarime nikiwa na F ya hisabati, na tangu hapo madaftari yangu ni ya hadithi tu. Kwa hiyo, mwenzangu, usinicheke ninapokuletea historia ya hesabu.

Chanzo ni kitabu cha marehemu mjomba, aliyefundisha shule ya msingi upande wa Serengeti. Hakikuwa na jalada. Yeye alikiita "Entebbe", nami nikidhani ndiye mtunzi. Kumbe ni mji ule wa Uganda. Mwaka 1962 wanahisabati na walimu kutoka Afrika, Uingereza na Marekani walikutana pale kuandika vitabu vya hisabati mpya, vikafika hadi kwetu. Wazazi wengi hawakuvipenda: mtoto anaimba seti, chenji ya sukari inampiga chenga. Kenya iliachana na hisabati hiyo mwaka 1981.

Lakini kuna somo moja mjomba alilipenda. Chukua 1, 2, 3 na kuendelea. Jumlisha zozote mbili, jibu limo humo humo. Zizi limefungwa, alisema. Sasa 3 toa 5: umeruka ua. Shuleni niliambiwa haiwezekani.

Mwaka ule kaka alikuwa anaoa. Mahari ilibaki ng'ombe watano, zizini wapo watatu. Baba hakuwaambia wakwe haiwezekani. Alitoa watatu, akawa na wawili pungufu. Tena Brahmagupta wa India, mwaka 628, aliandika kanuni za namba hasi kwa lugha hiyo hiyo: mali na deni.

Ndivyo zizi linavyopanuliwa: unaongeza kilichokosekana mpaka kutoa kusikutoe nje. Ukirudia kazi hiyo, hakiongezeki kitu. Kazimierz Kuratowski wa Poland aliiweka tabia hiyo, kufunga mara mbili ni sawa na mara moja, kati ya kanuni zake za mwaka 1922.

Kugawanya nako kulidai sehemu: nusu, robo. Hapa pana mtego. Lazima ukubali kwamba 1/2 na 2/4 ni kitu kimoja. Na ukithubutu kuipa sifuri njia ya kurudi, namba zote zinageuka kuwa moja, zizi zima linakwisha! Wanahisabati huita kazi hii lokalizesheni: unachagua vitakavyopewa kinyume, unakubali hasara ya kuviona sawa vilivyokuwa tofauti. Mwaka 1931 Øystein Ore wa Norway alionyesha ni lini inawezekana hata pale ambapo kuzidisha kunategemea nani katangulia.

Mwaka 1945 Samuel Eilenberg na Saunders Mac Lane walitangaza nadharia ya kategoria. Humo namba si kitu. Kuna vituo, na mishale kutoka kituo hadi kituo. Mishale mingine haina kurudi. Wataalamu wa maumbo yanayovutika kama mpira walitaka baadhi ya maumbo yahesabiwe mamoja, na mshale wa kurudi haupo. Mwaka 1967 Peter Gabriel na Michel Zisman walitoa kitabu kinachoonyesha jinsi ya kuunda marudio hayo kwa mtindo ule ule wa sehemu, safari hii sehemu za mishale. Na aina moja ya lokalizesheni ni kufunga kwenyewe: kila kitu hupelekwa kwenye umbo lake lililokamilika, na ukikipeleka tena hakisogei.

Nilipoelewa hayo, nilimkumbuka shemeji. Aliondoka kwetu baada ya miaka minne. Wazee wakakaa, ng'ombe wakarudishwa, deni la wawili likafutwa. Kwa hesabu za kikao, kuoa kulipata kinyume chake na kila mtu alirudi alikoanzia. Ila kulikuwa na mtoto amelala mgongoni kwa mama yangu, na siku ile hakuna aliyejua amwandike upande gani.

Alibaki kwetu. Sasa yuko darasa la tatu. Juzi kaniuliza tatu kutoa tano ni ngapi, maana mwalimu kasema haiwezekani. Nimekwenda kukitafuta kitabu cha mjomba.