Kigeuzi cha sauti: Yapime haya kabla ya kununua

Amplifaya iliyodumu sebuleni kwa miaka mingi haistahili kutupwa eti kwa sababu muziki wa siku hizi huhifadhiwa katika tarakilishi. Maadamu ina tundu la kupokea sauti ya dijitali kwa kebo ya koaksi, kigeuzi kidogo kinachochomekwa kwenye tundu la USB la tarakilishi kitaviunganisha viwili hivyo.

Kigeuzi hiki hupokea data ya muziki na kuipanga kwa utaratibu wa S/PDIF, ulioasisiwa na kampuni za Sony na Philips. Chenyewe hakitoi sauti. Kazi ya kubadilisha tarakimu kuwa mawimbi ya umeme yanayoweza kuendesha spika huanzia katika sehemu iitwayo DAC, ambayo huwa ndani ya amplifaya au husimama peke yake.

Hivyo basi, swali la kwanza ni iwapo unakihitaji. Ikiwa DAC yako ina tundu la USB linalofanya kazi vyema, waya wa kawaida wa USB utakutosha. Nayo amplifaya yenye matundu ya analogi pekee, yale mekundu na meupe, huhitaji DAC kwanza.

Tahadhari hapa, kwani tundu la koaksi hufanana kwa umbo na yale ya analogi. Soma maandishi yaliyo kando yake. Ukikosea, hutasikia muziki bali kelele au kimya kitupu.

Pili, linganisha viwango. Diski za CD, zilizoingia sokoni mwaka wa 1982, hubeba sampuli 44,100 kwa sekunde, kila moja ya biti 16. Sauti ya video aghalabu hutumia sampuli 48,000, ilhali baadhi ya rekodi hufikia 96,000 au 192,000.

Kigeuzi kiwe na uwezo wa kupitisha 44,100 na 48,000 bila kuzibadilisha. Ama kuhusu viwango vya juu, tazama kijitabu cha amplifaya. Ikiwa ukomo wake ni 96,000, kulipia kigeuzi cha 192,000 ni kutupa pesa.

Tatu ni suala la saa. Sampuli hazina budi kufuatana kwa mapigo sawasawa, nayo tarakilishi, yenye shughuli chungu nzima, si mshika mapigo mwema. Chagua kigeuzi cha asinkronasi, yaani kile ambacho saa yake ya ndani ndiyo inayoamua kasi ya kupokea data.

Nne, hakikisha kuwa tarakilishi yako itakitambua. Vigeuzi vya kizazi cha kwanza cha sauti ya USB, ambavyo kwa kawaida haviwezi kupita 96,000, hufanya kazi bila programu ya ziada. Vya kizazi cha pili vilianza kutambuliwa moja kwa moja na Windows mwaka wa 2017, katika toleo la Windows 10. Mwenye Windows ya zamani zaidi atahitaji programu endeshi kutoka kwa mtengenezaji.

Fauka ya hayo, umeme wa tarakilishi huweza kuleta mvumo katika spika kupitia waya. Kigeuzi chenye transfoma ndogo upande wa koaksi huzuia jambo hilo. Kama amplifaya ina pia tundu la mwanga, kigeuzi chenye njia zote mbili ni kinga nyingine, kwa kuwa kebo ya mwanga haipitishi umeme.

Kebo ya koaksi nayo iwe ya omu 75. Haihitaji kuwa ya bei ghali. Hata ile ya manjano ya video, ikiwa imetengenezwa vyema, hufaa.

Hatimaye, usitarajie miujiza. Kigeuzi kizuri hufikisha muziki kama ulivyo, lakini hakiwezi kutengeneza rekodi mbovu wala spika iliyopasuka. Ikiwa fedha ni chache, nunua kigeuzi cha wastani kinachotimiza masharti haya, na salio ulielekeze kwenye spika.